Mashua kuukuu ya mbao: kwa nini inavuja, na ukitaka kuifufua uanzie wapi

Mashua imepandishwa mchangani Matema, kule Kyela kwenye Ziwa Nyasa, tangu mvua ziishe. Imepigwa msasa, ikapakwa rangi ya bluu na mstari mweupe ubavuni, na jina likaandikwa upya. Mwenyewe ametumia pesa. Siku ya kuishusha watoto wanajaa, vijana wanaisukuma kwa nyimbo, na kabla jua halijazama maji yamefika kwenye vikalio. Lawama zinaanza hapohapo: fundi kapunguza misumari, mbao zilikuwa mbovu, kuna jirani ana kijicho. Mara nyingi hakuna aliyeiba wala aliyeroga. Mashua ilikauka tu.

Nawaandikia hasa ndugu zetu wa Mbeya, Tukuyu, Makambako na Iringa, watu wa milimani ambao bei ya mafuta ya injini imewasukuma kutafuta chombo cha tanga cha zamani huko Ziwa Nyasa, wakakipata kwa bei poa, na sasa wanataka kukitengeneza kwa mikono yao. Inawezekana. Ila anayeanza huhangaika na rangi, tanga na misumari, na kila kimoja anakiona ni tatizo la peke yake, wakati karibu yote yana shina moja: unyevu ulioko ndani ya mbao, unaingilia wapi, unatokea wapi, na kwa kasi gani. Ukilielewa hilo utajua lipi litangulie na lipi lingoje.

Mti uliokatwa leo una maji ya namna mbili. Yapo yaliyojaa kwenye matundu ya nyuzi zake, na yapo yaliyonywewa na kuta za nyuzi zenyewe. Ya kwanza yakitoka, ubao unapungua uzito na hakuna kingine kinachobadilika. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mbao kavu, yanaanza kutoka yale ya kwenye kuta, na hapo ndipo ubao unaposinyaa. Unasinyaa kwa upana na kwa unene; kwa urefu karibu haubadiliki. Tena hausinyai sawasawa. Kwa kufuata mzunguko wa pete za mti, unasinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kwenye kiini kwenda kwenye gome. Ubao wa msindano wenye upana wa sentimita 20, ukitoka mbichi hadi unyevu wa asilimia 12, unaweza kupungua milimita 8 hivi. Ukirudi majini unavimba tena, na nguvu yake ya kuvimba hakuna msumari wa kuizuia.

Sasa ipige picha mashua. Chini kuna mkuku, mti mrefu ulio uti wa mgongo wa chombo, juu ya mkuku yamesimama mataruma, yaani mbavu zake, na juu ya mataruma zimepigiliwa mbao ubavu kwa ubavu. Chombo kikiwa majini mbao zimekunywa, zimevimba, zimebanana. Kikikaa mchangani tangu Juni hadi Oktoba kwenye jua na upepo, kila ubao unajikunja kidogo na kila mwanya unafunguka. Mianya kumi ya milimita mbili mbili kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma) inaingiza maji kuliko vijana wawili wanavyoweza kuyafua kwa ndoo.

Hapo ndipo kosa kubwa linapozaliwa, na si kuvuja. Mwenye chombo akiona mwanya anauziba. Anatia puti, wengine saruji, wengine epoksi, au anashindilia kalafati, yaani pamba ya kuzibia mianya, kwa nguvu zote wakati mbao zimekauka kabisa. Siku ya kushusha haivuji na anasifiwa. Baada ya wiki mbao zimevimba, hazina pa kwenda, kwa kuwa nafasi yake imeshikwa na kitu kigumu. Zinajinyanyua kutoka kwenye mataruma, zinang'oa misumari, au zinapasua mataruma yenyewe. Sasa mashua inavuja kwenye matundu ya misumari, na huko hakuna kalafati itakayosaidia.

Kwa hiyo chombo kilichokauka kinyweshwe kwanza. Tandika magunia ya katani ndani, kwenye ngama (chini kabisa ndani ya chombo) na juu ya mataruma, uyamwagie maji asubuhi na jioni. Nje kifunike kwa makuti au turubai ili jua lisishindane nawe. Au kishushe kwenye maji ya kina kifupi, uweke mawe ya kukituliza, ukiache kimejaa maji kwa siku kadhaa. Mdomo wa mto una maji yaliyotulia kuliko ufukwe wazi, ila karibu na Matema uliza habari za mamba kabla hujaingia na ndoo yako. Mianya mingi itajifunga yenyewe. Itakayokataa kujifunga ndiyo yenye kazi, na afadhali uitie alama ya chaki wakati chombo bado kimelowa, kwa maana kikikauka yote itafanana.

Jambo la pili linamshangaza mtu aliyejifunza mambo ya vyombo Pwani. Kule adui wa mbao ni mdudu wa baharini anayetoboa kutoka chini. Ndiyo sababu mabaharia wa Pwani hupaka shahamu, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama, kwenye sehemu inayozama. Mdudu huyo haishi kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Mtu wa Nyasa hana haja ya kuiga shahamu. Lakini chumvi ya bahari ilikuwa na faida yake: kuvu wanaoozesha mbao hawaipendi. Ziwa halina chumvi ya kukusaidia.

Kuvu hao wanataka chakula, yaani mbao yenyewe, wanataka joto, na Kyela lipo, wanataka hewa, na wanataka unyevu uliozidi asilimia 20. Ubao uliozama muda wote una maji tele ila hewa hauna, hivyo hauozi. Ubao mkavu una hewa ila maji hauna. Unaooza ni ule wa katikati, unaolowa na kukauka, hasa ule unaolowa kwa mvua. Na Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa hiyo mashua ya ziwani huozea juu. Nimeona mbao za chini ya mstari wa maji zilizo ngumu kama siku zilipopigwa randa, wakati ncha za vikalio vya mashua hiyohiyo zinabonyea kwa kidole gumba.

Ukienda kukagua chombo usichuchumae kwanza kutazama chini. Anza juu. Tazama ncha za mataruma zinapokutana na ubao wa juu, kona za tezi, chini ya kila kikalio, na zaidi ya yote kitako cha mlingoti, pale mlingoti unapokaa juu ya mkuku. Maji ya mvua huteremka na mlingoti hadi pale, yanatuama ndani ya tundu, na hakuna anayeyaona kwa sababu mlingoti umeyafunika. Pale ndipo uzito wote wa mlingoti na msukumo wa tanga unapobebwa. Chombo kinaweza kuwa kizima kila mahali, ila kitako kimekuwa unga.

Kipimo ni bisibisi bapa. Ichomeke kwa mshazari ukikata njia ya nyuzi, iingie kidogo, kisha nyanyua. Mbao nzima inakataa, halafu inatoa kibanzi kirefu, kimoja chembamba kinachopasuka kwa mlio na upande mmoja kikibaki kimeshika. Mbao iliyooza inakatika papo hapo, kipande kifupi butu, bila mlio, na mara nyingi nyuzi zimekatika juu ya bisibisi yenyewe. Rudia sentimita chache pembeni mpaka ufike kwenye kibanzi kirefu, kisha songa mbele kidogo tena kabla ya kuchora mstari wa kukata, maana kuvu hutangulia mbele ya uozo unaoonekana. Rangi ya mbao isikudanganye: mninga mzee unaweza kuwa mweusi na bado mzima, na msindano unaweza kuwa mweupe safi huku umelegea.

Baada ya ukaguzi kuna uamuzi, na hapa nasema wazi. Mbao za ubavuni zikiwa mbovu, zinabadilishwa. Mataruma yakiwa mabovu machache, unayasaidia kwa kuweka taruma jipya pembeni ya la zamani. Mkuku au fashini moja (nguzo inayosimama mbele au nyuma ya mkuku) ikiwa mbovu, kazi ni kubwa ila inafanyika. Lakini mkuku na fashini zote mbili zikiwa zimeoza, unanunua umbo la mashua tu. Chukua vipimo, chukua vyuma vinavyofaa, uunde nyingine. Watu wengi hukataa kulisikia hili kwa kuwa wameshalipa, wanaendelea kubadilisha ubao mmoja mmoja kwa miaka, na mwisho wamejenga mashua mpya iliyopinda kama ile ya zamani.

Mbao: kutoka Mafinga hadi ziwani

Sisi watu wa nyanda za juu tuna bahati kwenye hili. Mbao ziko nyumbani. Shamba la miti la Sao Hill, Mufindi, ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, na kulizunguka kuna wakulima wa miti wasiohesabika hadi Njombe. Ukifika Mafinga unakuta msindano umepangwa barabarani kwa marefu yote unayoyataka. Tatizo ni kwamba mbao nyingi ni za kenchi za nyumba, na ubao wa kenchi si ubao wa mashua.

Tatizo la kwanza ni uchanga. Mkulima mdogo mwenye ada za shule hangoji mti ufikishe miaka 18 au 25. Anauza mapema, wakati mwingine kabla haujafika 10. Mbao ya mti mchanga ina pete pana, ni laini, na ina tabia mbaya ambayo mbao komavu haina: inasinyaa hata kwa urefu, hivyo inajipinda na kujisokota. Usitazame ubavu wa ubao unaponunua, tazama kichwa chake. Ukiona kiini cha mti katikati na pete nene zinazokizunguka, weka chini. Unataka pete zilizokaribiana, na kwa mashua unataka ziwe zimesimama wima kutoka uso mmoja kwenda mwingine, si zimelala kama upinde. Ubao wa pete wima unavimba karibu nusu ya ule wa pete zilizolala. Mwenye mbao atashangaa unachagua nini saa nzima. Mwache ashangae, ila ukipata muuzaji anayekuruhusu kupekua, mlipe vizuri.

La pili ni kuwa msindano haudumu wenyewe. Usipotiwa dawa, kwa hali ya hewa ya Kyela utaliwa upesi. Mbao za dawa zenye rangi ya kijani zina shaba, kromi na aseniki. Zinakaa muda mrefu, ila shaba ile inakula misumari mitupu ya chuma, kwa hiyo zinataka misumari iliyopakwa zinki. Unapozipiga randa funika pua. Na mabaki yake yasipelekwe jikoni kukaangia samaki wala kuwasha moto wa kuota. Moshi na majivu yake ni sumu. Hili nalisisitiza kwa kuwa penye fundi hapakosi mama wa jirani anayekusanya vibanzi.

Kwa mkuku, fashini na mataruma, mbao ngumu za asili bado hazina mpinzani. Mninga unasifika kwa kutosinyaa sana, ukikauka umetulia. Mvule na mkangazi ni marafiki wa siku nyingi wa waunda vyombo. Bei iko juu, na mbao za misitu ya asili zinataka nyaraka: kibali cha kuvuna na cha kusafirishia kutoka Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Nunua kwa mtu mwenye karatasi, na safiri na karatasi, la sivyo mkuku wako utaishia kwenye kizuizi cha barabarani.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa kuwa haliwahusu. Mbao iliyokaushwa na upepo wa Mufindi au Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ikiteremshwa Uyole, Tukuyu hadi Kyela, inafika ziwani kwenye mita 475 hivi, penye joto na hewa nzito. Inaanza kunywa unyevu hata kabla haijagusa maji. Ukiikata na kuipigilia siku hiyohiyo, vipimo vyako ni vya Mafinga na mashua iko Matema. Ipange chini ya paa, weka vipapi kati ya ubao na ubao, hewa ipite, uiache wiki tatu nne. Waunda mashua hupenda mbao ya mwilini iwe na unyevu karibu asilimia 15: haijakauka sana, haijalowa. Wiki hizo si za kupoteza. Ndizo za kukwangua rangi ya zamani na kung'oa misumari iliyokufa.

Kuhusu misumari sitasema mengi. Chuma kikioza ndani ya mbao, kutu yake inaharibu mbao inayokizunguka. Utaona duara jeusi na ubao umelegea pale, ingawa kwingine ni mzima. Usipige msumari mpya kwenye tundu la zamani. Ziba tundu kwa kijiti kigumu chenye gundi, toboa pembeni. Msumari upite hadi ndani ya taruma na ncha yake ikunjwe irudi kwenye mbao. Usichanganye shaba na chuma mahali pamoja. Maji baridi hayapitishi umeme kama ya bahari, hivyo kuliwa kwake ni kwa polepole, lakini kupo.

Ubao mpya ukiungwa na wa zamani, viungo viwili visikae kwenye taruma moja kwa mbao zinazofuatana, la sivyo umetengeneza bawaba. Kiungo cha mshazari kiwe na urefu angalau mara 8 ya unene wa ubao: wa milimita 25 unataka sentimita 20 za mshazari. Mlingoti ukiungwa, mara 12.

Kukalafati

Hii ndiyo kazi ambayo wengi wanadhani ni nguvu, kumbe ni sikio.

Mwanya kati ya mbao mbili unatakiwa uwe na umbo la kabari: upande wa ndani mbao zinagusana, upande wa nje pana uwazi wa milimita 2 hivi. Ukikuta unapitisha mwanga moja kwa moja kwa upana uleule, pamba yote utakayoshindilia itatokea ngamani. Hapo kata kibanzi chembamba cha mbao laini, kigundishe upande mmoja tu wa mwanya, si miwili, ili mbao ziendelee kucheza.

Pamba inasokotwa kuwa uzi mnene kidogo kuliko mwanya. Inawekwa mdomoni mwa mwanya kwa patasi butu, ikikunjwa vikunjo vidogovidogo, kisha inarudiwa kwa patasi na nyundo ya mti. Mwanzoni mlio ni wa kufifia, kama unapiga godoro. Pamba ikikaa, mlio unapanda, unakuwa mkavu na mwembamba, na patasi inaanza kurudi mkononi. Papo hapo unaacha. Ukiendelea umevuka, unasukuma mbao zitengane. Fundi mzoefu anaweza kuwa anapiga soga na macho yako ziwani, mkono wake unasimama wenyewe mlio ukibadilika. Mwanafunzi apige taratibu na anyamazishe redio.

Juu ya pamba panatiwa kitu laini cha kuifunika. Pwani hutumia sifa, mafuta ya papa na samaki wengine. Ziwani wengi hutumia lami iliyoyeyushwa, au puti iliyochanganywa na mafuta ya kitani. Lolote utakalotia libaki laini, na usilijaze hadi usawa wa ubao. Acha kabonde kidogo, kwa maana mbao zikivimba zitakisukuma nje.

Rangi nayo ina siri moja inayostahili kutajwa. Rangi nyeusi, bluu iliyokolea na kijani kibichi hunyonya joto la jua, na ubavu unaotazama jua unakauka na kufungua mianya juu ya mstari wa maji, hata chombo kikiwa kinaelea. Nyeupe au rangi mpauko inapoa. Bluu ya Matema inapendeza, sikatai. Ndani ya chombo usipake tabaka nene linaloziba kabisa. Mbao iliyozibwa pande zote, maji yakishapata ufa wa kuingilia, haina pa kuyatolea.

Na faiba?

Kila mtu atakushauri: bwana, ifunike kwa faiba, yaani nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa resini, uachane na kalafati. Kwa mashua ya mbao zilizopangwa ubavu kwa ubavu, jibu langu ni hapana. Mbao zinavimba na kusinyaa, faiba haifanyi hivyo. Resini ya poliesta inashika vibaya kwenye mbao, na kwenye mbao yenye unyevu haishiki kabisa. Baada ya msimu mmoja au miwili inaachia kama gamba, maji yanajikusanya katikati, na kuvu wanapata kila walichokitaka: unyevu, joto, hewa kidogo, na hakuna bisibisi ya kuwafikia.

Chombo kilichotengenezwa kwa faiba tangu mwanzo ni habari nyingine, na vipo vinavyoletwa kutoka Dar es Salaam. Kikague kwa kukigonga na mpini wa bisibisi: palipo pazima panalia kwa ukali, palipoachana panatoa mlio wa uwazi. Malengelenge madogo chini ya mstari wa maji yasikushangaze. Maji baridi hupenya kwenye faiba na kuleta malengelenge haraka kuliko maji ya chumvi.

Ila hapa tofauti ya milima na ziwa inarudi kwa sura mpya. Poliesta inagandishwa kwa dawa ya kugandisha, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini, na unaweza kupunguza au kuongeza kidogo ndani ya kiasi hicho kufuata joto. Epoksi haikubali mchezo huo. Sehemu zake mbili zinaungana kwa hesabu maalumu iliyoandikwa kwenye kopo. Ukizidisha moja, iliyozidi inabaki haina mwenzake na kazi inabaki laini milele. Fundi aliyejifunza Mbeya mwezi Juni, usiku wa baridi, amezoea kuona resini inachelewa. Akishuka Kyela na mkono uleule, kopo linachemka na kuganda kabla hajamaliza kueneza. Changanya kidogokidogo, mimina kwenye sinia pana badala ya kopo refu, fanya kazi alfajiri. Dawa ya kugandisha ya poliesta ikiruka jichoni inaweza kupofusha, vaa miwani. Na kama resini yako inaongezewa kobalti ya kuharakisha, kamwe usiichanganye moja kwa moja na dawa ya kugandisha: inalipuka.

Mlingoti, tanga na uzito

Nguzo ya mkaratusi ina nguvu na inapatikana kila kona kuanzia Iringa hadi Rungwe, lakini ni nzito na inapenda kupasuka kwenye ncha. Kilo zilizoko juu mlingotini zinakilaza chombo kuliko kilo nyingi zilizoko ngamani. Kama mashua ni ndogo, tafuta msindano mkomavu wenye vifundo vidogo, uukaushe kivulini polepole, ncha zake zote mbili ukizipaka rangi nene siku ileile ulipokatwa, maana maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha na ndiyo asili ya nyufa. Chimba tundu dogo la kutolea maji kwenye kitako kabla ya kuusimika. Ni kazi ya dakika chache, na inakuepusha na ule unga nilioutaja.

Tanga la turubai la plastiki linavutia kwa bei, na kwa kujifunzia linafaa. Jua linalikausha na kulichana, hivyo usilihesabu kama mali ya kudumu. La kuzingatia zaidi kuliko kitambaa ni ukataji. Tanga lililoshonwa bapa kabisa linasukuma chombo kikienda na upepo, lakini kwenye kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo, halifai kitu. Linahitaji tumbo, na tumbo linatokana na kushona vipande vyenye kingo zilizopinda kidogo, si kwa kulegeza kamba. Kingo zishonewe dasi, kamba ya kubeba mvuto ili kitambaa kisibebe peke yake. Henza, kamba ya kupandishia tanga, iwe ya kamba isiyovutika. Nailoni inavutika, iache kwa nanga, ambako kuvutika ni faida.

Ukibadilisha mbao nzee zilizolowa kwa mbao mpya kavu, chombo kinakuwa chepesi, kinaelea juu zaidi na kinayumba kuliko alivyokizoea mwenye nacho wa zamani. Farumi, yaani uzito unaowekwa chini ili chombo kitulie, irekebishwe, na ifungwe: mawe yanayobingirika chombo kikilala ni hatari kuliko kukosa farumi. Chini ya vikalio funga madumu matupu yaliyozibwa. Dumu la lita 20 likizamishwa linanyanyua karibu kilo 20, na kumi ni kilo 200, kiasi cha kukifanya chombo kilichojaa maji kibaki juu na watu wakishikilie. Jaketi za kujiokolea zinabaki palepale, madumu si badala yake. Kwa usajili na ukaguzi wa vyombo vidogo utakutana na TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Waulize kabla ya kuanza, kwa kuwa ni rahisi kupigilia kitu mahali panapotakiwa kuliko kukihamisha baadaye.

Imebaki kalenda. Upepo wa kusini-mashariki, ambao wavuvi huuita Mwera, unavuma kwa nguvu kuanzia Mei hadi Agosti. Unapanda na ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550, na Matema iko mwisho kabisa wa kaskazini, hivyo mawimbi yanafika yakiwa yamekua njia nzima. Kuanzia Juni mvua nayo inapungua. Kwa hiyo pandisha chombo Juni, fanya kazi ya mbao wakati Mwera unavuma na hungesafiri vizuri hata hivyo, kinyweshe Septemba, jaribu tanga mwishoni mwa mwezi huo au Oktoba, kabla ya mvua mpya. Usipandishe chombo chako siku ambazo unaweza kukihitaji ghafla: Agosti 1914 meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ilikutwa nchi kavu pale Sphinxhaven, yaani Liuli ya leo, ikiwa kwenye matengenezo, na meli ya Waingereza Gwendolen ikaishambulia na kuilemaza palepale.

Kuna shida moja ndogo kwenye ratiba hii. Kupandisha mashua kunataka vijana wengi wenye migongo, na Juni Kyela bado kuna watu mashambani wanavuna mpunga. Ongea nao mapema, ulizia siku ambayo mavuno yao yamesogea, na bajeti yako iwe na chakula cha kuwatosha wote, siku ya kupanda na siku ya kushuka.